Sebule yako iko Lodwar, si Kileleshwa

Ile video umeiona. Dada wa Nairobi anaingia kwenye nyumba tupu, anapiga makofi mara moja, na ghafla kuna kochi la kijivu la velveti, kapeti lenye manyoya marefu, mapazia mazito yanayogusa sakafu, ukuta mweusi nyuma ya runinga na utepe wa taa za buluu ukizunguka dari. Sekunde kumi na tano, imeisha. Kisha wewe unainua macho kutoka kwa simu, unaangalia sebule yako pale Nakwamekwi, Napetet au Kakuma mjini, na unaona kama dunia imekuacha nyuma.

Si vibaya kutaka keja ipendeze. Wanaosema vijana wa Turkana wana shida kubwa kuliko rangi ya ukuta hawajui maana ya kurudi nyumbani jioni ukiwa umechoka, halafu chumba chenyewe kikuchoshe zaidi. Tunachokataa hapa ni kunakili sebule iliyotengenezewa hali ya hewa ya watu wengine, tena kwa mkopo, halafu usiku unatoa godoro nje kwa sababu ndani hakukaliki.

Hebu turudi kwenye jiografia, ile uliyokuwa ukisinzia darasani. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Julai watu huko huvaa sweta na kulalamika. Lodwar iko karibu mita 500. Joto la mchana hapa hupita nyuzi 35 mara kwa mara, mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200, na upepo kutoka mashariki unaleta vumbi laini linalopita hata pale ambapo mwanga haupiti. Sasa weka velveti katikati ya hayo yote. Ukikaa dakika kumi shati limeshika mgongo. Ukisimama, umeacha alama. Kapeti la manyoya ndilo noma zaidi: linakunywa vumbi asubuhi, jioni ukilikanyaga linakurudishia, na chini yake nge amepata kivuli cha bure. Yeyote aliyekulia hapa anajua kwa nini bibi yake hutikisa mkeka kabla ya kuukalia.

Na kochi hilo limefikaje? Kwa lori, kutoka Eldoret au Nairobi, kupitia Kitale na Kapenguria, kilomita karibu 300 kutoka Kitale pekee. Umelipia kochi, umelipia safari ya kochi, na likifika mguu mmoja umelegea. Umelipia na fundi.

Wengi wetu tukitaka sebule mpya tunaanza na vitu vya kukalia. Huku kwetu anza juu. Mabati yasiyo na dari chini yake ni jiko. Yanachomwa na jua tangu saa mbili asubuhi, na hata jua likitua bado yanakumwagia joto kichwani. Unaweza kununua feni, lakini feni iliyofungwa chini ya mabati ya moto inachukua hewa moto kutoka juu na kukuletea usoni. Unalipia umeme ili uchomwe vizuri.

Dawa ya kwanza ni rangi nyeupe, lakini si ya ukutani. Paka mabati yenyewe kwa nje. Paa jeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua badala ya kuumeza, na tofauti utaisikia kwa ngozi kabla ya kuiona kwenye kipimajoto. Ukikosa rangi ya mabati, tumia chokaa, ingawa hiyo utairudia kila baada ya mvua kubwa, na mvua kubwa huku, tunajua, haiji kila wiki. Dawa ya pili ni dari. Usikimbilie jasi zile za maua na ngazi ngazi. Mikeka ya mikoma iliyokazwa kwenye fito, ikiachiwa nafasi ya futi moja hivi kati yake na mabati, inazuia joto lisikuangukie moja kwa moja. Inapendeza pia. Ukilala chali ukaitazama, utaona kazi ya mikono ya mtu. Jasi haina hiyo.

Ya tatu ni tundu, na hapa tunaomba uvumilivu kidogo kwa sababu mafundi wengi wa mjini hulipuuza. Hewa moto hupanda. Ukiipa njia ya kutokea juu, hewa ya chini itaingia yenyewe kujaza nafasi. Kwa hivyo unahitaji matundu ya chini upande upepo unakotoka na matundu ya juu upande wa pili, karibu na paa, yote yakiwa na wavu maana baada ya mvua mbu wa malaria hawakosi. Ukitaka kuona jambo hili likifanywa kwa ukubwa, kando ya Ziwa Turkana kuna kampasi ya Startup Lions, iliyokamilika mwaka wa 2021, ambako vijana hujifunza kazi za kidijitali. Mchoraji wake ni Francis Kéré wa Burkina Faso. Aliweka minara mirefu inayofanana na vichuguu vya mchwa, vile unavyoviona kote njiani, na kazi ya minara hiyo ni kuvuta joto juu na kulitoa nje huku matundu ya chini yakiingiza hewa safi. Mwaka wa 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, ile kubwa kabisa ya usanifu wa majengo. Walimu wake huku walikuwa mchwa.

Na kabla ya Kéré kulikuwa na mama zetu. Nyumba ya Mturkana hujengwa na mwanamke, na kwa kawaida mwanamke huyo hajengi moja tu. Kuna akai ya kulala, iliyofungwa vizuri, na kuna ekol ya mchana, yenye kivuli cha makuti na kuta zinazopitisha upepo. Ekol ndiyo sebule. Wageni huketi hapo, mazungumzo hufanyika hapo, watoto hulala usingizi wa mchana hapo. Tulipohamia nyumba za mawe na mabati tuliileta akai pekee, tukaifanya kubwa, tukaweka runinga ndani, tukasahau ekol. Kisha tunashangaa kwa nini saa nane mchana watu wote wako nje chini ya mti.

Kama ploti yenu ina nafasi ya mita tatu kwa tatu mlangoni, hapo ndipo pesa yako ya kwanza inafaa kwenda. Nguzo nne, makuti, mkeka, mtungi wa maji. Sebule imekamilika, na hakuna aliyekudanganya kuhusu velveti.

Tuje ukutani. Rangi nyeusi ndani ya nyumba haitaongeza joto sana, tusitiane hofu, ila kila chembe ya vumbi itaonekana na utashika kitambaa asubuhi na jioni. Nyeupe kabisa nayo hugeuka rangi ya chai baada ya miezi mitatu. Chagua rangi inayokaribiana na vumbi lenyewe, kama krimu au mchanga mwepesi, halafu sehemu ya chini hadi usawa wa kiuno paka rangi ya mafuta inayooshwa, kama zilivyo kuta za shule. Ndiyo, kama za shule. Watu wa shule walifikiria.

Lakini kama ukuta wako ni wa udongo, kama zilivyo nyumba nyingi za Kakuma, usiupake rangi ya mafuta hata ukipewa bure. Udongo unapumua. Ukiuziba, unyevu unabaki ndani na rangi inabanduka vipande vipande ikiondoka na udongo wenyewe. Chokaa iliyotiwa chumvi kidogo inashika vizuri, ni rahisi, na ukipaka tena mwaka ujao hakuna aliyefilisika. Ukitaka rangi, changanya na udongo mwekundu uliochujwa.

Mapazia nayo yawe mepesi, ya pamba, hata leso mbili zilizounganishwa. Jua lizuie kwa nje, kwa mkeka unaoning'inia mbele ya dirisha, si kwa kitambaa kizito cha ndani. Likishavuka kioo, limeshaingia.

Sasa, vikapu. Hapa tutakaa kidogo kwa sababu jambo hili linatuuma.

Kando ya barabara za Lodwar kuna akina mama wanaosuka vikapu kwa majani ya mkoma, mti ambao Waturkana huuita eng'ol. Jani hukatwa, hukaushwa, huchanwa, hutiwa rangi, hulowekwa ili lilainike, ndipo kusuka kuanze, na kikapu kimoja kikubwa kinaweza kula siku kadhaa za mama mmoja. Vikapu hivi vinauzwa kwenye maduka ya Nairobi na nje ya nchi, vinatundikwa ukutani vitatu vitatu kwenye nyumba za watu ambao hawajawahi kusikia neno Turkana. Wewe uliyezaliwa hatua mia mbili kutoka kwa msusi unaagiza picha ya plastiki yenye maandishi ya Kizungu kuhusu upendo. Jamani.

Nunua kwa mama. Na ukifika kwake usianze ule mchezo wa kumshusha bei hadi atoe kikapu kwa hasira, kisha ukaenda kulipia soda kwenye hoteli bila kuuliza. Mwambie unataka nini: saizi tatu tofauti, rangi mbili, mchoro wa kuzunguka. Mpe muda na kitu cha kuanzia. Hiyo ndiyo maana ya kuagiza, na wasusi wengi wanafurahi kupata mteja anayejua anachotaka. Ukivitundika, viweke mbali na jua la dirishani, maana rangi zile hufifia.

Tahadhari moja. Usimnyang'anye babu ekicholong chake ukakitundike kwenye sebule kama pambo. Kile kigoda ni kiti chake na mto wake, na zamani kilimkinga asiharibu mapambo ya nywele akilala. Ni kitu cha mtu, kama simu yako ilivyo yako. Nenda kwa mchongaji akuchongee chako, ukikalie.

Meza ya katikati je? Mathenge. Tunajua, jina hilo likitajwa watu wanakunja uso. Mti ule uliletwa miongo kadhaa iliyopita ili kuzuia jangwa, ukageuka kuwa jangwa jingine la miiba, na mwaka wa 2008 serikali ikautangaza rasmi kuwa magugu hatari. Umeziba malisho na kingo za mito. Lakini mbao zake ni ngumu na nzito, zina wekundu mzuri zikipigwa msasa na kupakwa mafuta, na kila mathenge unaokatwa ni mgunga mmoja umepona. Kati ya wenyeji na wakimbizi kumekuwa na ugomvi wa miaka mingi kuhusu ukataji wa miti ya asili. Fundi atakwambia mathenge umepinda na unamaliza misumeno. Ni kweli. Kwa hivyo usimwagize meza ndefu iliyonyooka. Mwagize kigoda, meza fupi, miguu ya kochi, rafu ya vitabu, na umlipe kwa usumbufu wake. Hakikisha tu mbao zimekauka vizuri kabla hazijaranda, la sivyo meza itajikunja kama chapati.

Halafu pesa. Tunajua vijana wanaochukua Hustler Fund kununulia kochi. Mfuko ule ulizinduliwa Novemba 2022 ili kusaidia watu kufanya biashara, riba ni asilimia 8 kwa mwaka, na mkopo wa kawaida unalipwa ndani ya siku 14. Siku 14! Kochi halijamaliza harufu ya duka na deni limeiva. Biashara ya maji au ya mitumba inaweza kurudisha pesa katika wiki mbili. Kochi halirudishi kitu, linakaliwa tu. Kama lazima ukope, kopeni kwa chama. Watu sita, kila mwezi mnatengeneza sebule moja, nyote mnashika brashi. Mnaokoa pesa ya fundi, na yule mwenye ngazi haombwi na mtu mmoja mmoja.

Sasa twende Kakuma, kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi, maana huko swali la sebule lina uzito mwingine.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka wa 1992, vijana waliokimbia vita vya Sudan walipofika. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyoanzishwa jirani, kuna watu karibu laki tatu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Ethiopia, Burundi na kwingineko. Kwenye karatasi zote nyumba zao ni za muda. Kuna mtu amezaliwa kwenye nyumba ya muda, amesomea humo, ameoa, na sasa mtoto wake anatambaa kwenye sakafu ileile ya muda. Mwaka wa 2021 serikali ilitangaza kwamba Kakuma na Dadaab zingefungwa kufikia Juni 2022. Hazikufungwa. Mwaka uleule ikapitishwa Sheria mpya ya Wakimbizi, na Machi 2025 ukazinduliwa Mpango wa Shirika, unaolenga kugeuza kambi ziwe miji ambamo wakimbizi na wenyeji wanaishi pamoja. Wakati huohuo misaada ya kimataifa ilipungua na mgao wa chakula ukakatwa.

Katika hali hiyo, je, mtu apake ukuta chokaa? Kuna wafanyakazi wa misaada, na hata baadhi yetu wenyeji, ambao wakiona nyumba ya mkimbizi ina pazia zuri huuliza, kwani huyu kweli ana shida? Swali hilo ni la aibu. Pazia halishibishi, na aliyelitundika anajua hilo kuliko wewe.

Ingia uone. Kwenye nyumba ya Wasomali utakaribishwa kwenye fadhi, mito mizito imepangwa kuzunguka kuta tatu, huhitaji kochi hata moja na watu kumi na wawili wanaketi vizuri. Kwa Waethiopia, kona ya kahawa ina vigoda vifupi, birika la udongo na ubani, na sebule nzima inajipanga kuizunguka kona hiyo. Kwa Wakongo kuna kitenge ukutani. Na kwa Wasudan Kusini kuna milaya, mashuka yaliyotariziwa kwa mkono, ndege na maua ya nyuzi nyekundu na kijani, yakifunika ukuta uliokuwa turubai. Hayo yote yamefanywa na watu ambao hawaruhusiwi kutoka kambini bila kibali cha kusafiri. Video yako haijafika hapo.

Mtarizi wa milaya wa Kakuma na msusi wa vikapu wa Lodwar wako kwenye barabara moja ya lami, na ni nadra uone kazi zao kwenye ukuta mmoja. Hapo kuna biashara ya kijana mwenye simu na nafasi kwenye matatu. Shirika la IFC lilipofanya utafiti wake wa mwaka wa 2018 lilikadiria soko la Kakuma kuwa la dola milioni 56 kwa mwaka, na maduka na vibanda zaidi ya 2,000. Wanaouza vitambaa humo tayari wako. Anayeunganisha pande mbili ndiye hatumwoni.

Serikali ya kaunti nayo tuna neno nayo. Lodwar inajengwa kila siku, na vyumba vya kupangisha vinavyoinuka vina paa la chini, mabati matupu na dirisha moja dogo upande usio na upepo. Idara inayopitisha michoro ya nyumba ina uwezo wa kudai paa la juu zaidi, matundu ya hewa na dari kabla ya kupiga muhuri. Inadai choo, kwa nini isidai hewa? Na wanaopanga Kakuma ya kesho chini ya Mpango wa Shirika waseme wazi kwa maandishi nani anaruhusiwa kujenga nini na kwa miaka mingapi. Mtu hawezi kuweka sakafu ya saruji kwenye tetesi.

Kwa wewe unayepanga, jambo la mwisho ni mwenye nyumba. Wengine ni waungwana. Wengine watakuacha upake rangi, uweke dari ya mikeka, ufanye paa jeupe, kisha wapandishe kodi kwa sababu nyumba imekuwa nzuri. Kabla hujanunua brashi, andikeni karatasi moja, kurasa mbili hazihitajiki: nimepaka paa, gharama ni hii, risiti ni hizi, nusu itakatwa kwenye kodi ya miezi fulani, na kodi haitapanda hadi tarehe fulani. Atie sahihi, nawe utie, shahidi awe jirani. Akikataa kutia sahihi, usiguse paa lake. Nunua vikapu, mkeka na vigoda, vitu utakavyobeba siku ya kuhama.

Akikubali, panda alfajiri, na rangi iwe imekorogwa tangu usiku. Saa tatu ikigonga uwe umeshuka, maana baada ya hapo mabati hayashikiki.